Gumzo la ukoo: kulala njia nzima hadi Mirihi

Yusufu: Shikamoo shangazi Rukia. Kaka Faraji, dada Neema, habari za jioni. Mada yangu ya klabu ya sayansi ni wanaanga kulazwa hadi Mirihi, miezi 6 hadi 9. Nimeandika kwamba watagandishwa, kisha watayeyushwa wakikaribia. Iko sawa?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Futa hapo pa kugandishwa. Barafu ikianza nje ya seli huvuta maji ya ndani, seli husinyaa na chumvi inayobaki huiharibu. Ikiingia ndani huchana utando. Mwaka 2023 watafiti wa Minnesota walihifadhi figo za panya kwa baridi kali bila kuruhusu barafu itokee, wakazipasha joto, wakazipandikiza, zikafanya kazi. Lakini figo ya panya ni ndogo mno. Mtu mzima huwezi kumpasha kwa kasi ile, sawasawa kila sehemu.

Faraji: Kinachopigiwa hesabu ni kupoza kidogo tu. Kampuni ya SpaceWorks ya Atlanta, Marekani, ilipata fedha za NASA, shirika la anga la huko, mwaka 2013, ikapendekeza mwili ushushwe hadi nyuzi 32 au 34 za Selsiasi, chakula kipite kwenye mshipa, watu walale kwa zamu za takriban wiki 2. Shirika la Anga la Ulaya nalo lilifanya tathmini yake, likaona wasafiri wakilala chombo kinaweza kupungua uzito kwa karibu theluthi.

Yusufu: Kwa nini 32 isiwe 20?

Shangazi Rukia: Moyo. Chini ya 30 mapigo huanza kuvurugika, na karibu na 28 moyo unaweza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Wapasuaji wa moyo hushuka hadi 18 au 20, lakini hapo wameshausimamisha kwa makusudi, na muda wao salama ni kama nusu saa.

Kwenye 33 hospitalini tunawapoza wagonjwa ambao moyo ulisimama ukarudi. Utaratibu ni huu. Kwanza dawa ya usingizi, propofoli kwa mfano, kisha mrija wa kupumulia. Halafu blanketi linalopitisha maji baridi, au kathita, yaani mrija mwembamba, inayopozwa kwenye mshipa mkubwa wa paja. Mwili ukifika kama 35.5 unaanza kutetemeka kwa nguvu, na kutetemeka kunaweza kuongeza matumizi ya oksijeni maradufu, yaani umepoza bure. Tunazuia kwa dawa kama pethidini na magnesiamu, ikishindikana dawa ya kulegeza misuli, na ukishampa hiyo mgonjwa hapumui bila mashine.

Kisha kuna potasiamu, madini yaliyo kwenye damu na seli. Mwili ukipoa, potasiamu huingia ndani ya seli, kipimo cha damu kinashuka. Anayeijaza hadi ifike kawaida atajuta wakati wa kupasha joto, maana yote iliyojificha inarudi kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana tunapandisha nyuzi 0.25 hadi 0.5 kwa saa. Toka 33 hadi 37 ni saa 8 hadi 16.

Na haya yote ni kwa siku 1 au 2.

Neema: Hapo ndipo penye kiini, Yusufu. Hospitali inapigana na mwili: tanuri linawaka, wewe unamwagia maji. Mnyama anayelala msimu mzima hupunguza kwanza moto wenyewe, baridi inafuata baadaye.

Angalia tarakimu. Kwa mtu, kila nyuzi 1 ikishuka matumizi ya nishati hupungua kama asilimia 7. Nyuzi 4 ni kama asilimia 28. Dubu weusi wa Alaska, utafiti wa 2011: mwili ulibaki kati ya nyuzi 30 na 36, matumizi yakashuka hadi robo ya kawaida, moyo ukatoka mapigo 55 kwa dakika hadi kama 14. Baridi ile haiwezi peke yake kueleza upungufu huo.

Yusufu: Lakini dubu si ndugu yetu.

Neema: Ndugu yupo, tena upande wetu wa bahari. Madagaska kuna lemuri mdogo anayehifadhi mafuta mkiani, jamaa wa komba. Analala kwenye tundu la mti hadi miezi 7, na tundu likipata joto au baridi naye hufuata. Ni jamii ya nyani na binadamu, kwa hiyo uwezo huo hauko mbali nasi sana.

Yusufu: Si wampe mtu dawa basi?

Neema: Mwaka 2005 huko Seattle panya walivutishwa gesi ya salfaidi ya hidrojeni, sehemu 80 kwa milioni, wakalala na kuamka salama. Kwa kondoo na nguruwe haikufanya kazi. Kinachonipa matumaini ni ubongo: 2020 Wajapani wa Tsukuba waliamsha kikundi cha seli kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili, na panya, ambaye si mnyama wa kulala msimu, akapunguza matumizi mwenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa St. Louis, Marekani, walifanya jambo kama hilo kwa sauti isiyosikika, bila kupasua kichwa.

Shangazi Rukia: Hata hilo likifaulu, chakula bado. Kulisha kwa mshipa kunahitaji kathita inayofika karibu na moyo. Ikikaa miezi, inaingia vijidudu. Ini linajaa mafuta. Kifuko cha nyongo kisichotumika kinatengeneza mawe. Tena anga lenyewe linaweza kugandisha damu: ripoti ya 2019 ilieleza bonge la damu kwenye mshipa wa shingo wa mwanaanga, akatibiwa kwa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sasa weka kathita humohumo.

Faraji: Kuna na zamu. Moto ukizuka chomboni hausubiri saa 16, na Dunia haisaidii kwa haraka, ujumbe unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kwenda tu. Lazima wawepo walio macho muda wote, wawili kwa maoni yangu.

Shangazi Rukia: Na aliyeamka asishike usukani siku hiyo. Ini kwenye nyuzi 33 husafisha dawa polepole, kwa hiyo mwili unafika 37 wakati usingizi bado umo kwenye damu. Kwanza apime potasiamu na sukari, ameze maji bila kupaliwa, asimame. Kesho yake ndiyo apewe kazi.