Mwalimu aliyechoka: atiwe moyo, au apunguziwe mzigo?

Mwanzisha mada

Wadau, habari zenu. Matokeo ya mitihani yakishuka, au likipita janga kama korona iliyofunga shule karibu dunia nzima mwaka 2020, wito huwa uleule: tuwatie moyo walimu. Inaandaliwa semina, vinatolewa vyeti, na Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, pongezi zinamiminika. Swali langu ni hili: mwalimu aliyesahihisha madaftari hadi saa saba usiku, pongezi hizo zinamfaa nini kesho yake kwenye kipindi cha kwanza?

Msimamo wangu nausema mapema. Kutia moyo ni lazima, lakini anayekutia moyo bila kukutua chochote amekuongezea kazi, kwa sababu sasa unatakiwa uonekane umechangamka pia. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019 lilieleza uchovu huu uliokithiri: hutokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na kazi. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi yenyewe, na kuona kwamba hata ukifanya hakuna tija. Kama chanzo ni kazi, kwa nini tunahangaika na moyo wa mtu huku kazi ikibaki vilevile?

Na walimu wanaondoka. Kwa takwimu za UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi kila mwaka duniani walipanda kutoka takriban asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi 9 mwaka 2022. Karibuni, tujadili.

Mwalimu mkongwe

Nakuunga mkono, ila si kwa yote. Mkuu mmoja niliyefanya naye kazi hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alikuja mzazi amefura kwa sababu ya alama za mwanawe. Mkuu akamkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Nitazungumza na mwalimu kwanza, halafu tutakaa sote watatu." Hakuniita mbele ya yule mzazi. Hapo hakunipunguzia hata daftari moja, lakini niliingia darasani kichwa juu.

Nimefanya kazi pia penye mkuu anayewakaripia walimu mstarini, wanafunzi wakisikia. Baada ya hapo unawatulizaje wale watoto? Heshima nayo ni zana ya kufundishia. Kwa hiyo usiseme kila kitu ni wingi wa kazi.

Mzazi

Kwa heshima zote, nani hajachoka? Wauguzi wamechoka, madereva wamechoka, na sisi wazazi tumechoka. Mwanangu anapita darasa hilo mara moja tu katika maisha yake. Mkimpunguzia mwalimu vipindi, nani atavifundisha? Nataka nijibiwe hilo kwanza kabla ya kuambiwa nimwonee mtu huruma.

Mwalimu mkuu

Mzazi ameuliza swali langu. Mimi siajiri, sipangi mshahara wala idadi ya wanafunzi ninaoletewa. Mwanzisha mada, niambie kitu ninachoweza kupunguza Jumatatu asubuhi.

Mwanzisha mada

Mkuu, nashukuru umeuliza hivyo. Hebu turudi mwaka 1966. Shirika la Kazi Duniani na UNESCO walitoa Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu. Wakasema unapopanga saa za kufundisha uangalie mwalimu anakutana na wanafunzi wangapi kwa siku na kwa wiki, ana masomo mangapi tofauti ya kuandaa, anapata muda gani wa kuandaa na kupima kazi, amepewa usimamizi na ushauri kiasi gani, na kama ana nafasi ya kuonana na wazazi. Mengi ya hayo yamo kwenye ratiba, na ratiba inapangwa shuleni.

Ndugu mzazi, sijasema vipindi vifutwe. Mwalimu mwenye vipindi 6 vya somo moja na mwenye vipindi 6 vya masomo matatu hawabebi mzigo sawa, ingawa kwenye karatasi wanaonekana sawa. Vigawanyeni upya vipindi hivyo kati ya walimu, mwanao hapotezi hata dakika moja. Ripoti ileile inayoandikwa mara tatu kwa ofisi tatu, iandikwe mara moja. Kikao cha kusomeana matangazo kigeuzwe karatasi ya kubandika ukutani.

Halafu saa iliyookolewa msiijaze kazi nyingine. Japani wana utaratibu wa zamani: walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha wenzake wakitazama, kisha wanakaa kulichambua. Kinachochambuliwa ni somo, si mtu. Kwangu huko ndiko kutiana moyo, kwa sababu kinachomvunja mwalimu haraka kuliko yote ni kuachwa peke yake na darasa asiloliweza.

Mwalimu mkuu

La ratiba nimelipokea, nitakaa na mwalimu wa taaluma. La ripoti naomba unielewe. Mkaguzi akija haulizi kama walimu wangu wamelala. Anauliza andalio la somo na azimio la kazi, yaani karatasi za mpango wa kila kipindi na wa muhula, na ikikosekana moja jina linaloandikwa ni langu. Karatasi hizo siwezi kuzifuta mwenyewe.

Mwanzisha mada

Ni kweli, na hapo lawama inakupita wewe, inapanda hadi kwa wakubwa wako. Anayedai karatasi tatu kutoka kwa mkuu ndiye anayemchosha mwalimu, na huyo ndiye mara nyingi anayesimama kutoa hotuba ya kuwapongeza walimu.

Mwalimu mpya

Naomba nichangie. Huu ni mwaka wangu wa kwanza, na nimepewa darasa ambalo mwaka huu walimu wengine wote walilikwepa. Cheti sikihitaji kwa sasa. Nahitaji mtu akae nyuma ya darasa langu kipindi kimoja, aniambie ninakosea wapi, na asiandike popote.

Mzazi

Mwalimu, kwa hilo sina ubishi hata kidogo. Darasa gumu kupewa mgeni si haki kwako wala kwa watoto wetu. Suala la walimu kutotosha bado nalishikilia.

Mwalimu mkongwe

Mwanangu, usisubiri ratiba mpya. Mfuate mwalimu aliyelifundisha darasa hilo mwaka jana, muulize mambo mawili tu: nani wakitulia wengine wanatulia, na kipindi gani cha siku hawasikii la mtu. Kisha mwombe aje akae nyuma. Akikataa, mwambie mkuu wako amtolee kipindi kimoja kwa ajili hiyo. Mkuu tuliye naye hapa ameshasema anatafuta kitu cha Jumatatu.

Mwalimu mkuu

Kwangu mimi, hicho kinawezekana.