Tupeane uzoefu: Kuzunguka miji ya kale ya Ziwa Victoria kwa gari la kulala ndani

Ndugu wadau, wapo miongoni mwetu, hapa Mwanza na mikoa jirani, waliokwisha kung'oa viti vya Hiace au Coaster, wakaweka godoro, jiko la gesi na tangi la maji, kisha wakafuata mwambao wa ziwa. Naomba tusimuliane safari hizo, hasa vituo vyenye historia, kwa kuwa basi hupita kasi palepale ambapo msafiri angependa kushuka.

Nianze mimi. Nilishika barabara ya Musoma nikasimama Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement miaka ya 1950. Kutoka hapo niliendelea, kisha nikaiacha lami kuelekea ziwani hadi Kageye, wilaya ya Magu. Hapo ndipo mvumbuzi Henry Morton Stanley alipofika Februari 1875 na mashua yake, Lady Alice, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, ikaunganishwa, na tarehe 8 Machi akaanza kulizunguka ziwa. Vitabu vimejaa jina lake. Wapagazi wale, ambao bila wao mashua isingefika, hutajwa kwa idadi tu. Mwenyekiti wa kijiji alinipa ruhusa ya kulala, akanishauri niegeshe mbali na mwalo, na ushauri huo ulikuwa wa thamani, maana wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kucha na biashara huanza kabla ya jua kuchomoza.

Mchangiaji kutoka Bukoba:
Ahsante, ndugu. Mimi husafiri upande wa magharibi, na tangu Daraja la JPM (John Pombe Magufuli) lilipofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, ile foleni ya kusubiri kivuko imebaki kuwa hadithi. Nakushauri usiharakishe baada ya Geita. Pumzika Biharamulo ulione boma la Wajerumani, kisha uingie Bukoba mchana. Mji huu ulianzishwa na Emin Pasha, Mjerumani aliyetumwa na serikali ya nchi yake, mwaka 1890, lakini kwangu mimi kivutio kikubwa ni kanisa kuu alimozikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama hizi, aliyeteuliwa mwaka 1960. Kuhusu malazi, nyumba nyingi za wageni zenye uwanja na mlinzi hukubali uegeshe kwa malipo ya maelewano, ukapata choo na bafu.

Mchangiaji kutoka Nansio:
Naomba nitofautiane kidogo kuhusu ile Coaster iliyotajwa mwanzo. Kwa anayetaka kufika kisiwani kwetu Ukerewe kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya, gari fupi lenye nafasi ya kutosha chini ya bodi ni bora zaidi, kwa sababu gari refu hukwaruza mkia linapopanda na kushuka kivukoni, na barabara za ndani ya kisiwa husumbua wakati wa masika. Ulizia mapema saa ya kivuko cha mwisho, la sivyo utalala Kisorya. Historia yetu ina machungu pia: Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapa katika mgogoro uliomhusisha Mtemi Lukonge, mtawala wa kisiwa. Wazee husimulia habari za watemi vizuri kuliko kibao chochote, mradi ufike kwa adabu na usianze na kamera.

Mchangiaji kutoka Musoma:
Shikamooni wakubwa. Nyongeza yangu ni fupi. Msiache kuchepuka kwenda Butiama, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo. Maji ya tangi yajazwe bombani, na kuoga ziwani kuachwe kabisa, kwani kichocho kipo na sehemu nyingine zina mamba. Usiku taa za ndani zizimwe kabla ya kufungua mlango. Wadudu wa ziwa wakishaingia, hamtalala.