Vivutio vya Nyanda za Juu Kusini: vitangazwe au viachwe hivyo hivyo?

Kokoto: Wakuu, habari za asubuhi. Kila sikukuu ikifika ni Ngorongoro, Zanzibar, Kilimanjaro, utadhani nchi hii inaishia Arusha. Huku kwetu Mbeya tuna Ziwa Ngosi ndani ya shimo la volkano, Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili pale mto Kiwira, Hifadhi ya Kitulo yenye maua mpaka macho yanachoka, na Kimondo cha Mbozi, chuma kizito kilichoanguka kutoka angani. Swali: viwekewe mabango, barabara na geti la kulipia, au anayejua aendelee kujua peke yake? Mimi nasema vitangazwe, na vijiji vipate chao.

Mlima Haulali: Napinga kabisa. Ngosi unapanda kutoka Isongole, msitu mtupu, matope, mianzi, unashika mizizi kwa mikono, ghafla unatokea ukingoni na maji ya kijani yako chini kule. Sasa hivi njia nzima ni chupa za maji na makaratasi ya biskuti. Na hapo bado hamjaweka bango.

BintiMatamba: Kamwene. Kokoto, "huku kwetu Mbeya tuna Kitulo"? Tangu lini? Ofisi za hifadhi ziko Matamba. Matamba ni Makete. Makete ni Njombe. Mkiona maua ni yenu, mkiona baridi ni yetu.

Kokoto: Dada, usinipandishie. Matamba kwa gari unafikaje? Unaacha lami Chimala, unapanda zile kona 57. Na Chimala iko Mbarali, Mbeya.

BintiMatamba: Kwa hiyo ngazi ikiwa ya jirani, na dari ni lake?

Ndizi Mbichi: 😂😂 Hilo limeingia.

Mzee wa Kona: Wanangu, mnagombea mpaka. Hifadhi inatangazwa 2005, Njombe mkoa haukuwepo, Makete ilikuwa Iringa. Njombe imekuja 2012. Na hifadhi yenyewe imekaa pande zote mbili, hata Mbeya ina kipande chake. Ila Kokoto, Kimondo hicho ulichokitaja, Mbozi iko Songwe tangu 2016.

Kokoto: Mzee, kwa hiyo Mbeya tumebaki na vumbi la Mwanjelwa pale mjini tu?

Ndizi Mbichi: Mmebaki na Ngosi, tena ziwa lenye umbo la ramani ya Afrika.

Mlima Haulali: Hiyo ramani nani kaichora? Mimi nimekaa pale ukingoni mpaka ukungu ukaondoka, Afrika sijaiona. Labda Madagaska.

Ndizi Mbichi: Ulisimama upande gani? Usikute ulikuwa unaiangalia kichwa chini.

Mlima Haulali: Ziwa ni duara lenye mbonyeo. Kwa kipimo hicho hata chapati ya mke wangu ni Afrika.

Daftari: Naomba turudi kwenye hoja. Tukisema "havijulikani" tunamaanisha havijulikani na nani? Kipunji, yule nyani wa msitu wa Rungwe na Livingstone, wataalamu wamemtangazia dunia 2005. Wawindaji wa pale walikuwa wanamwita kipunji siku zote. Na Kitulo haikufanywa hifadhi kwa sababu ya watalii. Chikanda, vile viazi vya maua ya okidi, vilikuwa vinachimbwa magunia kwa magunia kupelekwa Zambia. Aliyemaliza maua hakuja na kamera.

BintiMatamba: Sema wazi. Unamaanisha sisi wenyeji ndio wezi?

Daftari: Sijasema wezi.

BintiMatamba: Umesema hakuja na kamera. Sisi ndio hatuna kamera. Mlaji yuko Zambia, dalali anapita Tunduma mpakani, ila lawama inamrudia mama wa Makete mwenye jembe. Kabla ya hifadhi watu walichunga na kulima viazi pale juu. Leo mnakuja na simu kupiga picha ua moja, mnatuita waharibifu.

Mzee wa Kona: Binti ana hoja hapo. Mgeni anakuja asubuhi, anashuka jioni, chai kanywa Mbeya mjini.

Kokoto: Si ndiyo nimesema vijiji vipate chao? Nimeandika juu kabisa, hakuna aliyesoma!

Mlima Haulali: Tumesoma. Tatizo ni "huku kwetu".

Ndizi Mbichi: Mnataka mfano wa sehemu safi? Kijungu. Mto Kiwira wote unaingia kwenye tundu la mwamba, unapotea, unatokea mbele. Kiko eneo la magereza, unajieleza kwa askari kwanza. Hutaona hata ganda la pipi.

Mlima Haulali: Naunga mkono. Ngosi nayo ipewe magereza.

Mgeni_Dom: Samahani wakuu, niko Dodoma, nina likizo Februari. Gari ndogo inapanda hizo kona 57?

Kokoto: Inapanda.

Daftari: Februari ni mvua. Na ndio maua yenyewe. Ukiona matope, iache Chimala upande gari la wenyeji.

BintiMatamba: Pitia Njombe mjini, uje Makete kwa heshima, ulale, ule, ndipo upande Kitulo.

Kokoto: Mgeni, hapo umezungushwa nusu siku ili usikanyage Mbeya.