LightDM, GDM au SDDM: ipi niweke iwake yenyewe?

steshenari_pangani: Wakuu habari. Kompyuta za dukani nimeziwekea Linux, ila kila zikiwaka zinaishia kwenye skrini nyeusi ya amri na kijana wangu anakwama. Nataka ukurasa wa kuingilia utokee wenyewe. Nichague ipi kati ya hizo programu tatu za kuuleta? Fundi anaondoka jioni.

mzee_wa_amri: Linux ipi? RAM kiasi gani? Mazingira ya dawati (sura ya madirisha na menyu) ni GNOME, KDE au Xfce? Bila hayo tunapiga ramli. Tupe pia jibu la `systemctl get-default`, inaonyesha mashine ikiwaka inaishia hatua gani.

steshenari_pangani: Debian 12, GB 2, Xfce. Jibu ni multi-user.target.

zuhura_k: LightDM, usijiulize mara mbili. GDM inaburuta GNOME Shell nzima ili mtu aandike nywila tu. Halafu `sudo systemctl set-default graphical.target`, maana hiyo multi-user haifiki kwenye picha.

qt_daima: SDDM mnaionea, ni nyepesi na inapendeza. Mimi ningeiweka hata kwenye Xfce.

zuhura_k: Apakue maktaba za Qt (vifurushi ambavyo SDDM inavitegemea) kwa ajili ya ukurasa mmoja? Bando lake nani analipa?

fundi_usiku: Chochote utakachochagua, weka kimoja. Niliitwa ofisi moja, mtangulizi wangu kaweka vyote vitatu "ili wachague". Akaja mwingine akaamua LightDM, akaiwasha kwa systemctl, akaenda zake. Umeme ukakatika, uliporudi mashine zote giza. Nikaingia kwa Ctrl+Alt+F3, nikasoma kumbukumbu za LightDM kwa `journalctl -b -u lightdm`: inakataa kuanza. Kumbe kwenye Debian huduma hiyo husoma kwanza faili `/etc/X11/default-display-manager`, na humo lilikuwa bado jina la SDDM. Dawa ni `sudo dpkg-reconfigure lightdm`, chagua LightDM, washa upya. Watu walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi.

qt_daima: Mimi natumia Fedora, Linux nyingine, huko `systemctl enable --force sddm` inatosha.

mzee_wa_amri: Kauliza Debian, ndugu.

steshenari_pangani: Asanteni. Je, naweza kuiacha iingie bila nywila kabisa?

zuhura_k: Inawezekana, `autologin-user` kwenye lightdm.conf. Ila wateja wanakuachia vyeti na vitambulisho humo. Usifanye.

qt_daima: Mfungulie akaunti ya wageni, yaishe.

mzee_wa_amri: Hiyo ya wageni kwenye Debian haiji tayari kama ilivyokuwa Ubuntu. Na vyeti vya watu vinafutwa lini, hilo mwenye duka mbona hajasema?