Mliopungua na uzito haujarudi, tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Mwaka 2019 nilipunguza kilo 14 kwa miezi mitatu nikijiandaa na harusi: asubuhi maji ya ndimu, mchana tango, usiku nalala na njaa. Mwaka uliofuata zilirudi zote na nyingine nne juu. Nililia palepale kwenye mizani.

Sasa ni mwaka wa tatu nipo kati ya kilo 71 na 73, na ugali nakula. Kilichonisaidia zaidi ni mafuta ya kupikia. Nilikuwa namimina kwa macho, kidumu moja kwa moja hadi sufuriani. Siku moja nikapima: mchicha wa watu wanne umeingia vijiko tisa vya mezani! Kijiko kimoja kina kama kalori 120. Tangu siku hiyo kijiko kinakaa juu ya kifuniko cha kidumu. Mboga ni vijiko viwili, basi. Lita iliyokuwa ikiisha kwa wiki sasa inafika karibu wiki tatu.

Naomba waliodumu angalau mwaka ndio waseme. Kupungua wengi tunaweza.

Mchangiaji wa 2
Hongera sana dada. Mimi naendesha basi la mkoani, kazi ya kukaa kutwa. Kila tukisimama nilikuwa nagonga soda baridi, tatu kwa siku. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayozidi vijiko vinane vya chai. Nikahamia kwenye maji, na nikishakabidhi gari naenda nyumbani kwa miguu, dakika 40. Mwaka wa pili huu. Mvua ikinyesha napanda daladala, kesho yake natembea.

Mchangiaji wa 3, Mombasa
Dadangu, kwetu mtihani ni Ramadhani. Unafunga kutwa, jioni meza imejaa viazi karai, bajia, kaimati. Nilikuwa nafika Idi nimeongeza kilo tatu. Siku hizi nafungua kwa tende na uji, nasali Magharibi, ndipo narudi mezani. Ile njaa ya kutetemeka huwa ishatulia. Vya kukaanga ni Ijumaa tu.

Mchangiaji wa 4
Nafanya kazi kliniki, upande wa lishe. Mtu aliyepungua mwili wake hutumia nishati kidogo kuliko mwanzo, na njaa huzidi. Kwa hiyo uzito ukirudi usijiite mzembe, mwili unapambana. Lakini nawasihi: wenye kisukari mnaochoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari, msiruke mlo wala kubadili chakula ghafla kabla ya kuongea na daktari. Sukari ikishuka sana ni hatari.

Mchangiaji wa 5
Mimi mizani ya kila siku ilininyima raha, nikaiweka kando. Natumia futi ya fundi cherehani, kila mwisho wa mwezi. Nina urefu wa sentimita 164, kiuno kisivuke 82, yaani nusu. Kikifika 81 naanza kuangalia wali wa usiku.

Mwanzisha mada
Hiyo ya futi naichukua leo. Dada wa Mombasa, na ukialikwa futari kwa watu?

Mchangiaji wa 3, Mombasa
Kwa watu nakula ninachopewa, mpenzi, siwezi kumvunja moyo aliyeniandalia. Bajia mbili, naomba chai ya rangi isiyo na sukari. Kesho yake kwangu ni uji na tende kama kawaida.