Msaada: sarafu ya fedha ya Taras, gramu 6.4, ninunue au napigwa?

pweza_puglia: Wakuu salama? Niko Italia huku kusini, kuna mzee gulioni ananiuzia sarafu ya Taras, ule mji wa Wagiriki waliotoka Sparta, leo ndo Taranto. Upande mmoja jamaa yuko juu ya farasi, wa pili kijana kapanda pomboo na pameandikwa ΤΑΡΑΣ. Anasema ni ya 340 KK, anataka yuro 250. Sasa nimeipima ni gramu 6.4 na mi nimesoma zinatakiwa karibu 7.9, nikastuka.

Mkale_Mkale: Uzito usikutishe mkuu. Zilikuwa 7.9 hivi kwa miaka mingi, ila kwenye 280 KK, kipindi wamemwita Pyrrhus, mfalme wa Epirus kule Ugiriki, aje kuwasaidia kupigana na Roma, wakashusha hadi 6.5 hivi. Vita inakula hela. Kwa hiyo 6.4 inaweza kuwa orijino kabisa, ila ya 340 hapana, hapo mzee ama hajui ama anakuongezea chumvi.

fundi_mizani: Cheki ukingoni, ukiona mstari umezunguka imemiminwa kwenye kalibu, za kweli zilipigwa kwa nyundo. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani ya dijitali, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Fedha ya uzito huo itasoma kama gramu 0.61, ikifika 0.7 hiyo ni shaba imevishwa fedha, na mchezo huo hata watu wa kale walikuwa wanaucheza.

mama_Z: Mnapima tu, karatasi je? Italia kitu cha kale kikitoka ardhini ni mali ya serikali. Muulize kaitoa wapi.

pweza_puglia: Nimemuuliza dada, anasema babu yake aliziokota shambani kwenye mizeituni, risiti hana

mama_Z: Basi achana nayo. Ikiwa feki umeliwa, ikiwa orijino wanaweza kukunyang'anya, na kuitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kama unazipenda kaziangalie makumbusho pale Taranto, au nunua mnadani yenye historia ya wamiliki.

pweza_puglia: Sawa. Ila anazo bakuli zima, na zote zina mkwaruzo uleule kwenye mkia wa pomboo

fundi_mizani: 😂😂 ungeanza na hilo ndugu yangu, glasi ya maji ya nini tena