Unga wa brasi: kipande kimetoka chekundu nje na kimegawanyika. Nimekosea wapi?

FundiVitasa (Gerezani, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni vitasa, hasa vile vya zamani vya milango ya mbao ambavyo vipuri vyake havipatikani tena madukani. Kinachonisumbua ni ulimi, kile kipande cha brasi kinachoingia na kutoka kwenye fremu ukizungusha mkono wa kitasa. Kwa mwaka nahitaji kama 600. Sasa hivi nachonga kimoja kimoja kutoka kwenye fito, na karibu nusu ya fito inaishia sakafuni kuwa chenga. Chenga zenyewe nawauzia watu wa skrepa kwa bei inayouma.

Nikasikia kwamba wenzetu wa nje wanatengeneza vipande kama hivi kwa unga. Unajaza unga wa brasi kwenye kalibu, unakandamiza, unaoka, kipande kinatoka na umbo lake. Nikaona chenga zangu zimepata kazi.

Nilichekecha chenga na unga wa tupa kwa chujio la chai. Nikachanganya na mshumaa niliokwangua, kidogo tu, nikajaza kwenye bomba nene la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, nikakandamiza kwa jeki ya tani 10. Vidonge viwili vya kwanza vilikatika tabaka tabaka wakati navisukuma kutoka. Cha tatu kilitoka kizima, kimo milimita 10, gramu 20.7 kwenye mizani ya sonara jirani yangu. Nikakiweka kwenye jiko la mkaa lenye feni, hivyohivyo wazi, mpaka kikaiva rangi ya nyanya, nikakiacha nusu saa. Ukatoka moshi mweupe, na baadaye kwenye kingo za jiko nikakuta utando mweupe kama pamba.

Kilipopoa hakikuwa njano tena. Nje kimekuwa chekundu kama waya wa shaba. Nikakigonga kwa nyundo ndogo, kikagawanyika, na ndani bado njano, chenga unaziona moja moja. Uzito gramu 19.5.

Jambo jingine, usiku ule nilipata homa ya kutetemeka na mdomoni nikawa na ladha kama nimenyonya sarafu. Zahanati walipima malaria, hakuna. Kesho yake jioni nilikuwa mzima. Sijui kama vinahusiana.

Mchomeleaji_Changamwe

Pole sana ndugu yangu. Hiyo homa twaijua sisi watu wa kuchomelea. Ukichoma mabati au bomba la maji lililopakwa zinki ndani ya chumba kisicho na hewa, usiku utatetemeka. Sisi hunywa maziwa kabla ya kuanza kazi.

Na hiyo kazi yako mbona usisubu? Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu kubwa, ilitengenezwa kwa kusubu, na mpaka leo watu waenda kuitazama. Kalibu ya mchanga, brasi yako yayeyushwa, wamimina, wapiga tupa.

MamaTanuri (Tanga)

Mwanangu FundiVitasa, pole kwa homa, na ahsante kwa kupima uzito kabla na baada. Wengi wangeandika tu "imekataa".

Nimekaa miaka 9 zamu ya tanuri kwenye kiwanda kimoja Ujerumani. Tulikuwa tunatoa vipande vya kufuli kwa unga, na ndimi za vitasa zilikuwemo. Kwa hiyo hicho ulichofanya nakijua kwa mikono yangu.

Naanza na moshi, maana ndio uliokujibu. Brasi ni shaba na zinki. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085. Zinki inayeyuka kwenye 419 na kwenye 907 inachemka kabisa, na hata kabla ya kufika huko, ndani ya brasi iliyoiva nyekundu, inaanza kutoroka kama mvuke. Ikikutana na hewa inageuka unga mweupe. Ile pamba kwenye kingo za jiko lako ni zinki iliyokuwa ndani ya kidonge chako. Ngozi ya nje imebaki na shaba zaidi, ndiyo maana ikawa nyekundu. Ndani mvuke haukupata njia, ndiyo maana bado njano.

Hesabu tuifanye. Toa mshumaa, tuseme gramu 0.2, unabaki na 20.5. Fito za kuchonga zinakuwa na zinki karibu asilimia 38 au 40, tuseme gramu 8 ndani ya kidonge. Umepoteza gramu 1. Moja ya nane ya zinki yako imekwenda hewani, na kwa kweli ni zaidi, kwa sababu kutu ya moto iliyoshika kwenye shaba imeongeza uzito upande wa pili.

Na sehemu ya hiyo gramu uliivuta wewe. Homa yako ni ya mafusho ya zinki, inakuja saa chache baada ya kazi na inaisha siku moja au mbili. Hapo nampinga mdogo wangu wa Changamwe kwa heshima: maziwa hayaondoi mafusho kwenye mapafu. Hewa inayopita na barakoa ya mafusho ndizo zinazosaidia. Na kuna kubwa kuliko zinki. Fito nyingi za kuchonga zimetiwa madini ya risasi, kama asilimia 3, ili chenga zikatike fupi. Risasi haikupi homa ya usiku mmoja ukaamka mzima. Inakaa mwilini. Jiko hilo lisiwe karibu na watoto wala sufuria, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Sasa nikuambie tulivyokuwa tunafanya sisi.

Unga wetu haukuwa wa tupa. Brasi iliyoyeyushwa inamiminwa kupitia tundu dogo, na hewa yenye kasi inaupiga ule mchirizi mpaka unasambaratika kuwa punje. Kila punje ni brasi kamili, shaba na zinki zimeshaungana. Huwezi kuchukua unga wa shaba na unga wa zinki ukachanganya kama ngano na sukari, kwa sababu zinki peke yake itayeyuka mapema, itachemka, na kipande kitavimba. Punje zenyewe zina vichongo na mabonde, zikikandamizwa zinang'ang'aniana. Chenga zako ni vijisahani, vina mafuta ya leti, yaani mashine ya kuchongea, vina ngozi ya kutu, na wewe umeongeza chuma cha tupa. Pitisha sumaku juu ya unga wako uone.

Kwenye unga tunatia kilainishi, stiareti ya lithiamu au ya zinki, chini ya asilimia 1. Kazi yake si kugundisha, ni kupunguza msuguano na kuta za kalibu. Vidonge vyako viwili vilikatika tabaka kwa sababu hiyo. Ukikandamiza, kipande kinajibana kama springi. Ukikisukuma nje, sehemu iliyotoka inatanuka na iliyobaki ndani haijatanuka, basi kinakatika palepale mdomoni mwa kalibu. Kalibu nzuri ina mdomo uliopanuliwa kidogo sana na kuta zinazong'aa kama kioo. Tena tulikandamiza kutoka juu na chini kwa pamoja. Ukikandamiza upande mmoja, nguvu inaliwa na kuta na chini kunabaki laini.

Nguvu yako pia ni ndogo. Tani 10 juu ya duara la milimita 20 ni kama megapaskali 310. Sisi tulikuwa kati ya 400 na 600. Gawa gramu 20.7 kwa ujazo wako, unapata 6.6 kwa sentimita moja ya ujazo. Brasi ngumu ya fito yako ni karibu 8.4. Zaidi ya humusi moja ya kidonge chako ni hewa. Vipande vyetu vilitoka kwenye tanuri vikiwa 7.6 mpaka 8.

Halafu tanuri. Mkanda wa waya unatembea polepole. Sehemu ya kwanza ina moto mdogo, inachoma kilainishi kitoke taratibu. Sehemu ya pili ndiyo ya kusinta, yaani kuoka bila kuyeyusha, mpaka punje zinaota shingo na kushikana. Brasi ya 70 kwa 30, shaba kwa zinki, tuliiweka kwenye nyuzi 850 hivi, kama nusu saa. Ndani hakuna hewa ya kawaida, ni naitrojeni, au amonia iliyovunjwa, ambayo ni robo tatu haidrojeni. Na vipande vinakaa ndani ya masanduku ya grafiti yenye vifuniko. Kifuniko ndicho kila kitu. Zinki kidogo ya kwanza ikitoka, inajaza sanduku, na ikishajaa, nyingine haina pa kwenda.

Siku moja kwenye zamu yangu masanduku manne yaliingia bila vifuniko. Nilikuwa nimeitwa upande wa pili, mwenzangu akapakia. Nilisimama mwisho wa mkanda nikayaona yanakuja, ndimi zimejipanga vizuri, zote zina rangi ya waridi. Nilichukua moja nikaikwangua kwa ukucha, nikapata vumbi. Zote zilikwenda kwenye pipa la skrepa. Na kila mwisho wa juma tulikuwa tunakwangua unga wa kijivu wa zinki kwenye ncha ya baridi ya tanuri, hata vifuniko vikiwepo. Zinki haizuiliki yote.

Kwa vipande 600 kwa mwaka, mwanangu, njia hii haikulipi. Presi yetu ilitoa vipande 12 kwa dakika moja, 600 ni kazi ya chini ya saa. Gharama iko kwenye kalibu, na kalibu inaanza kurudisha pesa yake ukifika makumi ya maelfu. Hapo Changamwe yuko sahihi: subu. Chenga zako ziyeyushe kwenye chungu chenye kifuniko, juu tia boraksi au vioo vilivyopondwa viwe blanketi, na kabla ya kumimina ongeza zinki kidogo kufidia iliyotoroka. Mchanga uwe mkavu kabisa.

LetiMwanza

Mama, shikamoo. Mimi nauliza kwa kujifunza. Bushi za stata za gari na za feni si za unga? Zile zinanyonya mafuta. Mbona hizo zinatengenezwa kwa urahisi na brasi inasumbua?

MamaTanuri (Tanga)

Marahaba. Umeuliza vizuri. Hizo ni shaba na bati, 90 kwa 10, si zinki. Bati linayeyuka mapema lakini halichemki kwenye joto hilo, linajipenyeza kwenye shaba na kukaa humo. Unaweza hata kuanza na unga wa shaba na wa bati mbalimbali. Na matundu ambayo kwenye ulimi wa kitasa ni ubovu, kwenye bushi ndiyo tunayoyataka, yanabeba mafuta. Ukichukua bushi mpya ya stata ukaipasha kidogo juu ya moto wa mbali, utaona mafuta yanatoka jasho. Ikipoa inayanywa tena.

Kwa hiyo anayetaka kuanza kazi ya unga hapa kwetu, aanze na bushi.

FundiVitasa (Gerezani)

Shikamoo mama, na ahsanteni wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kurudi mikono mitupu.

Sumaku nilipitisha. Kutoka kwenye nusu kilo ya unga nilitoa chuma kama kijiko cha chai kilichojaa. Sikutegemea.

Nikasema nijaribu mara moja zaidi kabla ya kuacha, kwa ajili ya kifuniko tu. Nimechomelea kisanduku cha bati nene la chuma, chini nimetandaza chenga za brasi zisizo na kazi, nikaweka kidonge juu ya kigae, nikazungushia unga wa mkaa, nikafunika na kuziba kwa udongo, nimeacha katundu kama ncha ya penseli. Wazo la kutandaza chenga nimelipata kwako uliposema sanduku likijaa zinki nyingine haina pa kwenda. Nikaona bora zijaze chenga kuliko kidonge. Jiko nimelitoa uani, upepo unatoka nyuma yangu, barakoa usoni.

Kidonge kabla gramu 20.8, baada gramu 20.4, na ndani ya hiyo kuna mshumaa. Rangi ni njano. Imefifia, ina madoa ya moshi, lakini ni njano mpaka kwenye kingo. Usiku nimelala vizuri.

Kwenye jiliwa, nilipokaza, kimepasuka tena. Safari hii hakikutawanyika, kimefunguka ufa mmoja.

MamaTanuri (Tanga)

Marahaba mwanangu. Gramu 0.4 na mshumaa ndani yake! Umeishika zinki. Kilichobaki ni nguvu ya kukandamiza na unga wenyewe, na hivyo viwili jeki na tupa havitakupa. Tafadhali kisanduku usikifungue ndani ya nyumba, mkaa uliozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

FundiVitasa (Gerezani)

Nimeelewa mama. Jumamosi nimesubu ndimi nane kwenye mchanga, chungu kikiwa kimefunikwa na vioo vya chupa juu. Mbili zina mashimo, sita ziko sawa. Moja nimeipiga tupa na kuifunga kwenye kitasa cha mlango wa mteja wa Upanga, inaingia na kutoka bila kukwama. Chenga za wiki hii sijauza.